Tembe Isiyo na Jina: Usimeze Dawa ya Misuli kwa Kukisia

Katika nyumba nyingi za Mountain View, mtaa ulio kando ya Waiyaki Way kati ya Kangemi na Uthiru, dawa hazikosi mahali pake. Huenda ni droo ya jikoni, kopo la biskuti juu ya friji, au mfuko wa kitambaa ulioning'inizwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ndani yake mna dawa ya kikohozi iliyobaki nusu chupa, antibayotiki zilizokatizwa mgonjwa alipopata nafuu, na mara nyingi kibahasha kidogo cha kaki chenye tembe nne au tano nyeupe za mviringo. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: 1x3. Basi. Hapana jina la dawa, hapana kipimo cha nguvu yake, hapana tarehe, hapana jina la mgonjwa.

Ukiuliza ni za nini, utajibiwa upesi: "Hizo ni za mgongo." Mwingine ataongeza: "Ni za misuli. Zinalegeza."

Jibu hilo limetosheleza familia nyingi kwa miaka mingi, na ndilo linalonitia hofu. "Za mgongo" ni maelezo ya mahali panapouma. Hayamwambii mtu ni dawa gani iliyo mkononi mwake, ina nguvu kiasi gani, haipatani na dawa gani nyingine, wala ni nani hapaswi kuigusa. Jina la dawa ni sehemu ya dawa. Tembe iliyopoteza jina isimezwe mpaka jina hilo lipatikane kwa njia ya kuaminika, na macho matupu si njia ya kuaminika.

Viuno vinavyobeba jiji

Hakuna asiyejua kwa nini dawa hizi zimejaa majumbani. Alfajiri, kabla magari hayajasongamana barabarani, vibarua wa Kangemi huwa wamekwisha kushika njia kwenda kwenye mijengo ya Westlands na Lavington. Mama mboga ameinua gunia la viazi. Dereva wa matatu atakaa kitini mpaka usiku, na mwendesha bodaboda atapokea kila shimo la barabara kiunoni mwake. Mountain View kwenyewe wako wastaafu ambao magoti na migongo imeanza kuwalipisha kazi ya ujanani, na wako wafanyakazi wa ofisi wanaoinamia kompyuta kutwa nzima.

Maumivu haya ni ya dunia nzima. Makadirio ya kimataifa ya mzigo wa magonjwa yalionyesha kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna tatizo jingine la kiafya linalowafanya watu wengi zaidi kuishi na ulemavu.

Maumivu yakizidi, wengi hawaanzi na hospitali. Huanza na kemisti. Iko karibu, foleni yake ni fupi, na mteja hununua kwa kadiri ya pesa alizo nazo mfukoni: tembe sita leo, nyingine keshokutwa akipata. Muuzaji hukata kipande cha pakiti kwa makasi, au humimina tembe kutoka kopo kubwa na kuzihesabu kwenye sahani, kisha huzitia kwenye kibahasha. Maelezo hutolewa kwa mdomo, mteja mwingine akiwa amekwisha kunyoosha noti juu ya kaunta. Hapo ndipo jina linapopotea.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyotokana na ugonjwa mwingine. Miongoni mwa mambo lililoshauri yasifanywe kuwa tiba ya kawaida ya maumivu hayo ni dawa za kulegeza misuli. Mazoezi, elimu ya kujitunza na tiba za viungo ndivyo vilivyopewa uzito. Kwa hiyo hata tembe ambayo jina lake linajulikana vizuri huenda haimfai mwenye mgongo uliouma miezi na miezi. Isiyojulikana ndiyo haina hoja kabisa.

Kundi moja, hatari mbalimbali

Dawa zinazoitwa kwa jumla za kulegeza misuli ni mkusanyiko wa kemikali ambazo hazina undugu wa karibu. Nyingi haziendi kwenye msuli wenyewe. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikipunguza amri za neva zinazoufanya msuli ukaze. Ndiyo sababu humletea mtu usingizi, kizunguzungu na miguu isiyo na uhakika, na ndiyo sababu pombe huzidisha nguvu zake kwa namna ya kutisha. Baada ya hapo, kila moja ina makali yake.

Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963, hulegeza misuli, hutuliza hofu na huzuia degedege. Pia hujenga mazoea ambayo ni vigumu kuyavunja, na imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Dawa za ukoo wake ni kati ya zile ambazo wahalifu wa Nairobi huwatilia watu kwenye vinywaji katika baa, uhalifu unaojulikana mitaani kwa jina la mchele. Ikichanganyika na pombe, au na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, inaweza kuzima pumzi.

Baklofeni hupewa watu waliokakamaa misuli kwa sababu ya majeraha ya uti wa mgongo au mtindio wa ubongo. Hutoka mwilini hasa kupitia figo, kwa hiyo mtu ambaye figo zake zimechoka anaweza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu kwa kiasi ambacho mwingine angekistahimili. Na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuona yasiyokuwepo. Hatari yake, basi, ina pande mbili: kuimeza usiyopaswa, na kuikatiza uliyopaswa kuendelea nayo kwa sababu hukujua ni ipi kati ya zilizomo kwenye kopo.

Tizanidini ina adui ambaye Nairobi yupo kila kona. Ni siprofloksasini, antibayotiki ambayo watu huinunua kiholela wakihisi taifodi au maambukizi ya njia ya mkojo. Siprofloksasini huzuia ini kuivunja tizanidini, kiasi chake kwenye damu hupanda mara nyingi kuliko kawaida, na shinikizo la damu huporomoka. Madaktari wamekatazwa kuziandika pamoja. Lakini nani atamwonya mgonjwa aliyepata moja kutoka kwenye kibahasha kisicho na jina na nyingine kutoka kemisti ya mtaa wa pili?

Klorzoksazoni mara nyingi huunganishwa na parasetamoli ndani ya tembe moja. Klorzoksazoni yenyewe imewahi kuumiza ini la baadhi ya watumiaji. Na asiyejua kwamba tembe yake "ya mgongo" tayari ina parasetamoli ataongeza Panadol mbili kwa maumivu ya kichwa, kisha dawa ya mafua yenye parasetamoli hiyo hiyo, na kabla siku haijaisha huenda akawa amevuka gramu 4, kiwango cha juu kabisa cha mtu mzima kwa siku moja.

Thiokolkikosidi, dawa inayotumika sana nchini India, iliwekewa mipaka na Shirika la Dawa la Ulaya mwaka 2013 baada ya kubainika kuwa ndani ya mwili inazalisha kemikali inayoweza kuvuruga kromosomu za seli. Huko haipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 16, na ya kumeza haizidi siku 7. Karisoprodoli nayo, ambayo mwilini hugeuka kuwa dawa nyingine ya kulevya, Ulaya ilipendekeza iondolewe sokoni mwaka 2007, na Marekani ikaiweka chini ya udhibiti wa kitaifa mwaka 2012. Februari 2025 uchunguzi wa BBC ulifichua jinsi tembe zinazochanganya karisoprodoli na tapentadoli, dawa kali ya maumivu, zilivyokuwa zikitengenezwa India na kumiminwa Afrika Magharibi, ambako ziliharibu vijana wa Ghana, Nigeria na Côte d'Ivoire. Serikali ya India ilizipiga marufuku.

Kwa wazee kuna jambo zaidi. Mwongozo wa madaktari wa wazee wa Marekani, unaotumiwa na wataalamu wengi duniani, huzitaja nyingi za dawa hizi kuwa za kuepukwa na mtu wa miaka 65 kwenda juu, kwa sababu ya usingizi na kuanguka. Bibi akivunjika nyonga usiku akienda msalani, familia hulaumu sakafu yenye utelezi. Ni wachache wanaokumbuka tembe aliyopewa jioni na jirani mwenye huruma.

Jicho halisomi kemikali

"Lakini mimi naijua kwa rangi," mtu atasema. "Ni ile nyeupe yenye mstari katikati."

Tembe nyeupe ya mviringo yenye mstari katikati inaweza kuwa baklofeni au tizanidini. Inaweza pia kuwa ya pumu, ya kifafa, ya moyo au ya kisukari. Zipo dawa za kisukari ambazo tembe moja tu yaweza kuishusha sukari ya mtu asiye mgonjwa mpaka azimie. Upande wa manjano hali ni ile ile. Diazepamu ya viwanda vingi ni ya manjano, asidi ya foliki wanayopewa wajawazito ni ya manjano, na methotreksati, dawa ya saratani na baridi yabisi ambayo humezwa mara moja kwa wiki na inaweza kuua ikimezwa kila siku, nayo ni ya manjano.

Kiwanda kimoja hubadilisha rangi, kingine hubadilisha umbo. Kemisti ile ile ikibadilisha msambazaji, dawa ile ile hurudi ikiwa na sura mpya. Kwa hiyo kufanana hakuthibitishi kitu, na kutofautiana nako hakuthibitishi kitu.

Hata kipande cha pakiti kinaweza kuficha. Kichukue ukigeuze upande wa karatasi yenye kung'aa. Jina la dawa huwa limechapishwa mara kadhaa, kwa hiyo kipande kidogo bado chaweza kulionyesha. Lakini namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi hugongwa sehemu moja tu, kwenye ukingo mwembamba wa mwisho. Makasi yakianzia upande huo, aliyenunua tembe za kwanza huondoka na tarehe, na wote waliobaki hupata dawa isiyo na umri.

Kuionja ili usikie uchungu, kuiyeyusha majini, kuivunja na kuinusa, yote hayo hayafai. Uchungu si kipimo cha dawa yoyote, na ulimi unaweza kukuingizia kile unachokihofia.

Yaliyowapata watu wa Ituri

Anayedhani hofu hii imetiwa chumvi na aangalie kaskazini-mashariki mwa Kongo, nchi ya wasema Kiswahili wenzetu, karibu na mpaka wa Uganda.

Kuanzia Desemba 2014 vituo vya afya vya Ituri vilianza kupokea watu, watoto wakiwemo, ambao shingo zao zilikuwa zimepinda, macho yamekodoka juu, ulimi umetoka nje na misuli ya uso imekakamaa. Wahudumu walidhani ni homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao hukaza shingo na huogopwa sana katika ukanda ule. Timu za Médecins Sans Frontières ziliitwa. Lakini vipimo havikuonyesha homa hiyo, na wagonjwa walizidi kuja. Hadi Agosti 2015 zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamelazwa, na baadhi yao walifariki.

Jibu lilipatikana ndani ya tembe. Wagonjwa wengi walikuwa wamemeza tembe za manjano zilizouzwa kama diazepamu, ambayo watu wa eneo hilo waliizoea kwa maradhi mengi ya kawaida. Maabara ilipozichunguza, haikukuta diazepamu. Ilikuta haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kwa viwango vya kumwumiza mtu mzima, seuze mtoto. Haloperidoli ikizidi hufanya kinyume kabisa cha kile ambacho watu wale walikitarajia kutoka kwenye diazepamu: huikaza misuli ya uso, shingo na macho. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari rasmi kwa nchi za eneo hilo.

Zingatia ni nini kilichowezesha mkasa huo uendelee kwa miezi minane. Dawa zilikuwa kwenye makopo ya jumla. Zilimiminwa, zikahesabiwa, zikauzwa moja moja, na zilipofika kwa mama aliyembeba mwanawe hazikuwa na karatasi ya maelezo wala pakiti. Hakuna mzazi ambaye angeweza kugundua kosa kwa kutazama. Wataalamu wenyewe walihitaji maabara. Njia hiyo ya kuuza, ya kopo na kibahasha, ndiyo inayotumika hadi leo katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, na Nairobi imo.

Wengine walifanyaje?

Mataifa yaliyolitatua tatizo la tembe isiyo na jina yalifuata moja ya njia mbili. Marekani iliamua kuiandika tembe yenyewe. Kanuni iliyopitishwa mwaka 1993 na kuanza kufanya kazi mwaka 1995 inataka kila tembe na kapsuli iwe na alama ambayo, ikisomwa pamoja na rangi, umbo na ukubwa, inaitambulisha dawa, nguvu yake na mtengenezaji wake. Mfamasia wa huko akiona herufi na tarakimu zilizogongwa juu ya tembe, huziingiza kwenye kompyuta na kupata jibu.

Ulaya ililinda pakiti. Agizo la mwaka 1992 lilitaka dawa iwe na karatasi ya maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na kwa kawaida mgonjwa huondoka na boksi la kiwandani.

Sisi tumebaki katikati, bila hili wala lile. Sehemu kubwa ya dawa zinazoingia Kenya hutoka India, na nyingi za tembe zake hazina alama yoyote zaidi ya mstari wa kugawia nusu. Pakiti nazo tunazikata. Ndiyo maana kijana anayechukua simu, akaandika "tembe nyeupe ya mviringo" na kupata picha ya dawa ya Marekani, anakuwa amejidanganya. Hazina zile za picha zilijengwa kwa soko lenye sheria ya alama. Zinaweza kumpa jina la uhakika la dawa ambayo haijawahi kuuzwa Kangemi. Programu za simu zinazodai kuitambua tembe kwa picha zina udhaifu huo huo.

Njia salama ya kuitambua

Basi ufanye nini ukiikuta tembe usiyoijua nyumbani?

Kwanza, usimeze, na usimpe mtu. Iweke mahali mtoto hafiki. Usiichanganye na tembe nyingine ndani ya kopo moja hata kama zinafanana.

Pili, usitupe kilichoizunguka. Kibahasha, kipande cha pakiti, risiti ya duka, ujumbe wa malipo wa M-Pesa unaoonyesha siku na duka, kitabu cha kliniki, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali: vyote hivyo ni ushahidi. Mara nyingi jina la dawa hupatikana kwenye karatasi hizo kuliko kwenye tembe. Muulize aliyeinunua: ilikuwa lini, kwa ugonjwa gani, na nani aliandika. Kama kuna jina lolote lililochapishwa, linakili herufi kwa herufi jinsi lilivyo, pamoja na namba inayofuatana na "mg". Herufi moja ikikosewa, dawa inageuka nyingine.

Tatu, ipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, juu ya karatasi nyeupe, ikiwa kando ya rula. Picha humsaidia mtaalamu kujua aulize nini, na humsaidia daktari ikiwa tembe yenyewe itapotea. Usitarajie zaidi ya hapo kutoka kwenye picha.

Nne, ipeleke mahali ilipotoka. Ikiwa hospitali iliitoa, faili la mgonjwa litaonyesha dawa iliyoandikwa siku ile. Ikiwa ni kemisti, omba kumwona mfamasia au mwanateknolojia wa famasia aliyesajiliwa, maana si kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta ana taaluma hiyo, ingawa wote tunawaita daktari. Duka lililoidhinishwa huonyesha leseni ya mwaka huo, pamoja na namba ya usalama ambayo mteja anaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi wa simu. Mtaalamu akikagua tembe, akalinganisha na boksi alilouza na kumbukumbu za siku ile, anaweza kukupa jina. Akikwambia hawezi kuwa na uhakika, mshukuru. Huyo ndiye wa kurudiwa.

Tano, tofautisha kutambua na kuthibitisha. Mfamasia anaweza kusema tembe hii ni ya pakiti fulani. Kilichomo ndani kwa hakika hujulikana kwa maabara pekee, na Kenya inayo Maabara ya Kitaifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa kwa kazi hiyo. Mwananchi anayeshuku kwamba dawa ni bandia, au imemdhuru kwa namna isiyotarajiwa, anaweza kuripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ofisi zake ziko Lenana Road, au kupitia mfumo wake wa mtandaoni ulio wazi kwa wagonjwa wenyewe. Ripoti kama hizo, zikifika mapema na kutoka sehemu nyingi, ndizo zinazoweza kulizuia balaa la Ituri lisifike kwetu.

Sita, ikiwa jina halikupatikana, tembe hiyo haina kazi tena. Irudishe kwenye duka la dawa au hospitali inayopokea dawa za kuharibiwa. Ikishindikana, ichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, uifunge na kuitupa na taka mahali ambapo hakuna atakayeiokota. Usiitie chooni wala kwenye mtaro unaomiminika mtoni. Hasara yake ni shilingi chache, na haifiki hata robo ya nauli ya kwenda hospitalini usiku.

Na ikiwa umeikuta kwenye mfuko wa suruali ya kijana wako, mwendo ni ule ule. Usianze na kofi wala mahakama ya ukoo. Anza na mfamasia ujue ni nini, kisha zungumza na mtoto ukiwa na ukweli mkononi. Huenda ni ya misuli aliyopewa baada ya kuumia mpirani. Huenda ni kitu kinachohitaji msaada wa daktari. Majibu ya mambo hayo mawili hayafanani.

Ikiwa imekwisha kumezwa

Hapa muda una thamani kuliko maelezo. Mtu aliyemeza tembe isiyojulikana akawa na usingizi mzito, maneno ya kuburuta, pumzi za polepole, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, misuli iliyokakamaa au degedege, anahitaji hospitali mara moja. Mtoto mdogo apelekwe hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa tembe moja ya mtu mzima ni nyingi kwake, na baadhi ya dawa hizi huchelewa kuonyesha makali.

Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, maji ya chumvi wala mafuta, mazoea ambayo bado yana nguvu mitaani mwetu. Mtu mwenye usingizi akinyweshwa au akitapika, vitu huingia kwenye mapafu. Akizimia huku akipumua, mlaze kwa ubavu. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Beba tembe zilizobaki, kibahasha, pakiti na kila dawa nyingine aliyokuwa akitumia, na umweleze daktari ukweli wote, pombe ikiwemo. Anauliza ili ajue amwokoe kwa dawa gani.

Jina ni haki ya mgonjwa

Ushauri kwa familia hautoshi ikiwa maduka yataendelea kutoa dawa zisizo na jina, na katika hili mgonjwa wa Kenya haombi hisani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na ya kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kuhusu hali yake, matibabu yaliyopo na hatari zake, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kibahasha kilichoandikwa 1x3 peke yake hakitimizi hata sehemu ndogo ya hayo.

Gharama ya kuyatimiza ni ndogo mno. Mwenye duka anahitaji kalamu ile ile anayoandikia 1x3, na nusu dakika ya ziada. Aandike jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya kuuzwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mgonjwa. Akikata pakiti, aanzie upande usio na tarehe. Bodi ya Dawa na Sumu inapokagua maduka, na ikague vibahasha kwa ukali ule ule inaokagulia leseni, maana leseni hubaki ukutani na kibahasha ndicho kinachokwenda nyumbani kwa mgonjwa.

Nasi wateja tuna sehemu yetu. Kabla ya kuondoka kaunta, uliza mambo matatu: dawa hii inaitwaje, inakatazwa kuchanganywa na nini, na niache lini. Muuzaji akijibu kwa mdomo, msukumie kibahasha umwambie kwa adabu, "Niandikie hapa, tafadhali." Asiyeweza kusoma na amwombe amwandikie hivyo hivyo, kwa sababu daktari wa kesho atasoma. Mwenye mzazi mzee na aketi naye Jumamosi hii, wamimine mezani kila kilichomo kwenye lile kopo la dawa, wabakize zenye majina na kumpelekea mfamasia zisizo nayo.

Muuzaji anayekataa kuandika jina la dawa anayokuuzia amekupa sababu ya kutosha ya kumwachia dawa yake na kwenda duka jingine.